Tyubu Moja, Kijiji Kizima

Dehbolo, 14 Juni 1999

Mwanangu Savriniso,

Nakusalimu mimi kwanza, kisha binti yako Anzurat, kisha majirani wote mmoja mmoja. Oyimgul wa nyumba ya jirani amesimama hapa mlangoni anasema nisipomtaja kwa jina hanipi chachu ya mkate, basi nimemtaja, aniache niandike.

Sisi wazima. Ng'ombe amezaa, ndama ni jike, nimefurahi kupita kiasi. Theluji ya juu imeyeyuka mapema mwaka huu na mto umejaa matope, unanguruma hata ndani ya nyumba hatusikilizani. Aprikoti za mwanzo zimeanza kuiva upande wa jua. Mgongo unaniuma, lakini mgongo wangu unauma tangu enzi za shamba la ushirika, kwa hiyo hiyo si habari.

Anzurat amekua. Amepoteza jino la mbele na anapiga mluzi kwenye pengo kutwa nzima, nimemwambia ng'ombe atakatika maziwa. Nimemshonea gauni la kuanzia shule Septemba, la rangi ya kahawia, na nimeacha upindo mpana maana miguu mirefu ameirithi kwa babake.

Nusura nisahau. Juzi aligusa tanuri. Nilikuwa natoa mikate, mmoja ukabanduka kwenye ukuta wa ndani wa tanuri ukaanguka kwenye makaa, na yeye akauwahi kwa mkono mtupu. Wewe unajua, mkate hauachwi uungue na watu wanatazama. Nilimsifu kwanza, ndipo nikaona kiganja. Ni kitu kidogo, lengelenge tu. Nimempaka mafuta ya mkia wa kondoo, nikanyunyiza majivu ya kipande cha zulia kuukuu, Oyimgul akasoma dua akapuliza. Analala vizuri. Usianze kutafuta viatu vya safari.

Barua hii anakuletea dereva Shodmon, na mkate ndani ya kitambaa. Je, mumeo ameandika kutoka Urusi? Ukinyamaza nitajua.

Shangazi yako,
Gulandom


Dushanbe, 25 Juni 1999

Shangazi yangu mpendwa,

Nimepokea barua na mkate. Nilikula kipande na chai, vilivyobaki wenzangu wa chumbani wakavimaliza nikiwa bado natafuta chumvi. Wanakusalimu wote na wanauliza utaleta lini mwingine. Mimi mzima, joto la huku halisemeki, na mitihani ya mwaka wa pili wa uuguzi inaanza wiki ijayo. Salamu zangu kwa Oyimgul, nimemtaja, asikunyime chachu. Hongera ya ndama.

Sasa shangazi, naomba ukae chini. Majivu juu ya kidonda? Nimesoma mstari ule mara mbili nikidhani macho yangu yamechoka. Majivu ni uchafu, hata yakitoka kwenye zulia la mfalme. Na mafuta yanaufungia moto ndani. Mkono ukiungua unamwagiwa maji ya baridi, safi, mengi, mpaka uchungu upoe. Hilo limeshapita, sikulaumu.

Nimempa Shodmon tyubu ya marhamu. Nisikilize vizuri. Nawa mikono yako kwa sabuni kwanza, wewe mwenyewe, kabla ya kumgusa. Kisha chemsha maji, yaache yapoe, uoshe kidonda taratibu mpaka mafuta na majivu yote yatoke. Atalia, mwache alie. Kausha kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Halafu paka marhamu kidogo, kidogo kabisa, uweze kuiona ngozi chini yake. Funika kwa shashi niliyoweka ndani ya bahasha. Kesho yake fungua, osha, paka upya. Usiongeze juu ya ile ya jana. Ukiona wekundu unatambaa, au uvimbe, au usaha, au mwili una homa, unamshika mkono unampeleka hospitali ya wilaya siku hiyo hiyo.

Marhamu hiyo ni ya Anzurat peke yake.

Ni mkono upi? Hukuniambia.

Mwanao,
Savri


Dehbolo, 8 Julai 1999

Kwa daktari wetu mkuu, Savriniso,

Pokea salamu za kijiji kizima, na safari hii si maneno ya mdomoni, kijiji kizima kweli kinakuombea dua. Nitakueleza.

Ndama anakimbia. Aprikoti zimeiva zote kwa pamoja, paa zote zimegeuka rangi ya chungwa, na sisi wanawake tunakaa huko juu na visu tukizipasua mpaka vidole vinanata. Kaka yake Oyimgul amerudi kutoka vitani, yaani kutoka kutafuta kazi, lakini kwa jinsi alivyokonda ni kitu kimoja.

Tyubu imefika. Mwanangu, ilikuwa ndogo kama kidole cha mtoto! Shodmon aliitoa mfukoni mbele ya watu wote pale kwenye chemchemi, akatangaza kwa sauti, "Dawa kutoka Dushanbe, kwa Gulandom!" Sasa niambie, ningefanyaje? Kitu cha mjini kimeingia kijijini mchana kweupe, kila mtu amekiona, halafu mimi nikakifungie sandukuni? Mama yako angefufuka anizabe kofi. Nilichukua bakuli, nikaikamua yote, nikaona ni tone tu, aibu tupu. Nikayeyusha mafuta ya mkia wa kondoo nikachanganya, ikawa bakuli limejaa vizuri. Kila nyumba ikapata kijiko chake.

Na imesaidia! Oyimgul alikuwa na chokea jichoni, akapaka, anasema jicho limepoa. Bozorgul alimpaka ng'ombe wake kiwele kilichopasuka, sasa ng'ombe hapigi teke. Mke wa imamu anapaka visigino. Yule bibi harusi wa kwa Rahmon anapaka usoni kila usiku, amesikia marhamu za mjini zinang'arisha, na kweli anang'aa, ila sijui kama ni dawa au ni kondoo. Wote wanasema Savriniso hakutusahau.

Anzurat naye amepata fungu lake, nene, sikumpunja. Kila asubuhi namwongezea juu, kisha namfunga kitambaa cha sufu, na juu ya kitambaa soksi, asichezee. Sifunui, kidonda hakipendi upepo. Maji sikutia. Kidonda cha moto hakinyweshwi maji, hata bibi yako alijua. Na wewe unasema niangalie wekundu: nimeangalia, hakuna wekundu.

Mumeo hukumtaja. Basi nimejua.

Shangazi yako,
Gulandom


Dushanbe, 19 Julai 1999

Shangazi,

Salamu. Nawasalimu wote, mitihani nimefaulu, joto lipo pale pale.

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama kwenye ngazi za bweni na nilipofika kwenye bakuli nilikaa chini kwenye ngazi hizo hizo, watu wakawa wananiruka. Shangazi Gulandom! Ya jichoni? Marhamu ya ngozi, tena na mafuta ya kondoo, jichoni? Mwambie Oyimgul aoshe jicho lake leo, sasa hivi, na asirudie. Jicho likipofuka kijiji kitasema Savriniso hakutusahau, eti? Na bibi harusi wa watu aache kabla uso haujaota vipele vya kumkimbiza bwana harusi. Mke wa imamu aendelee na visigino, hapo sina la kusema. Ng'ombe mimi sijasomea.

Wenzangu niliwasomea, wakacheka mpaka machozi. Mimi nilianza kucheka nao. Kisha nikarudia pale uliposema sifunui, na kicheko kikakata.

Hakuna wekundu kwa sababu huoni kitu! Unaangalia soksi! Shangazi, unaongeza mafuta juu ya mafuta juu ya majivu juu ya ngozi iliyoungua, wiki baada ya wiki, na chini yake hujui kuna nini. Kidonda kinaoza bila kukuomba ruhusa. Na vidole vidogo vikifungwa pamoja muda mrefu vinakakamaa, havinyooki tena. Nimewaona hapa wodini watu wazima wenye mikono kama kucha za kuku kwa sababu ya kitu kidogo cha utotoni. Nilidhani niliandika maneno ya kueleweka, kumbe nimeandika barua kwa mlima.

Fungua soksi hiyo. Leo. Loweka mkono kwenye maji ya uvuguvugu yaliyochemshwa mpaka vyote vibanduke vyenyewe, usivute. Osha kwa sabuni. Kisha niandikie mambo mawili tu, sitaki habari za ndama. Ni mkono upi? Na anaweza kukunja ngumi na kuikunjua?

Nimempa Shodmon tyubu nyingine. Nimemwambia aitoe mfukoni ukiwa peke yako.

Savri


Dehbolo, 2 Agosti 1999

Savriniso,

Tumepokea salamu zako. Zilikuwa fupi lakini tumezipokea.

Nimefikisha ujumbe wako. Oyimgul ameosha jicho na amenuna. Bibi harusi amenuna. Mama mkwe wa bibi harusi amefurahi, ndiye pekee. Umenitia aibu kidogo mbele ya watu niliowagawia kwa mkono wangu, lakini mimi si wa kuonyesha.

Nilikupokea ukiwa na mwaka mmoja na nusu, mama yako akiwa kaburini. Ulidondoka kutoka kwenye paa, ukaumwa na mbwa wa mchungaji, ulikatwa na shoka mguuni. Sikuwa na kitabu wala shashi. Na leo una mikono miwili na miguu miwili na unanipigia kelele kwa kalamu. Basi haya, mimi ni mlima.

Umeniuliza kama anakunja ngumi. Aprikoti mwaka huu ni nyingi mno, nguvu zetu zote zimeishia huko, na mvua ya ghafla ilinyesha juzi ikabidi tuzikusanye zote kwenye mashuka huku tunapiga mayowe. Anzurat alisaidia. Anacheza. Anakula, si sana, ni joto. Mluzi ameacha, masikio yangu yamepumzika.

Tyubu ya pili nimeipata, nimeiweka mahali pazuri.

Gulandom


Dushanbe, 11 Agosti 1999

Shodmon amekuja bwenini. Hakuwa na barua. Alisimama mlangoni anazungusha kofia yake mkononi kama mtu aliyegonga kuku wa watu.

Nikamuuliza, "Umeniletea nini?"

Akasema, "Dada, mimi sipendi umbea."

"Sema, kaka."

"Mtoto wako nilimpandisha garini aone usukani. Ana soksi mkononi. Dada, ile soksi inanuka. Nilifungua madirisha yote mawili. Nikamwambia anipe mkono nimsalimie, akanipa wa kushoto."

Ni wa kulia. Umenificha karibu miezi miwili kwamba ni mkono wa kulia, na mimi nimekuuliza mara mbili kama mjinga. Shangazi, siwezi hata kukasirika vizuri.

Ameacha mluzi kwa sababu ana homa! Hali vizuri si kwa sababu ya joto, ana homa! Mpeleke wilayani. Shodmon anarudi kesho na barua hii, amekubali kukusubiri mpaka ufunge nyumba. Usioge, usipike, usimuage mtu. Panda.

Savri


Dehbolo, 23 Agosti 1999

Mwanangu Savriniso,

Hukunisalimu. Mimi nakusalimu, maana sikukulea hivyo na wala sijalelewa hivyo. Mtoto yuko hai na mkono uko mahali pake. Nimeanza na hilo ili uweze kusoma yanayofuata.

Shodmon alinipa barua akiwa hajazima injini. Nilisoma nikiwa na unga mikononi. Nikasema nitaangalia kwanza, labda anatia chumvi. Nikachemsha maji, nikamkalisha Anzurat mapajani, nikatumbukiza mkono na soksi yake vivyo hivyo. Soksi ikatoka. Kitambaa cha sufu hakikutoka, kilikuwa kimeshikana na vile nilivyopaka. Nilisubiri. Kikaachia tabaka moja, chini yake lingine, la manjano, chini yake lingine jeusi la majivu yangu, na maji yakawa yamebadilika rangi na harufu ikajaa nyumba. Oyimgul alikuwa ameingia na chachu yake. Alitoka nje akatapika kwenye mnanaa. Yeye aliyeosha maiti wa kijiji hiki miaka yote, Savri.

Sikuona kiganja. Niliona kitu cha kijani na chekundu. Vidole vilikuwa vimejikunja ndani kama anashika kitu, na nilipomwambia avikunjue havikusogea. Na mstari mwekundu ulikuwa umetoka kwenye kifundo unapanda kwenye mkono. Ulioniandikia, ule ule. Sikuwahi kuogopa hivyo, hata mwaka ule wa vita na bunduki. Nilimbeba bila viatu, wake na wangu, nikapanda lori na unga wangu mikononi.

Wilayani alikuwepo daktari mmoja mwanamke, mdogo wa umbo, sauti kama ya sajini. Aliangalia, akanigeukia.

"Bibi, umempaka nini huyu?"

"Dawa."

"Dawa gani?"

"Zote," nikasema.

Akafumba macho. Nilidhani ananiombea. Kumbe alikuwa anahesabu hasira zake.

"Kidonda hiki kilikuwa cha kupona chenyewe," akasema. "Maji na sabuni, basi. Hata marhamu hakikuhitaji sana. Umekifungia ndani na kukipika."

Walimsafisha. Nilimshika mimi. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha akawa anafungua mdomo tu na hakitoki kitu. Hilo ndilo nitakalokufa nalo. Sindano asubuhi na jioni. Homa ikashuka, ule mstari ukarudi nyuma, ukafifia. Daktari alinifundisha kama mtoto wa darasa la kwanza. Alininawisha mikono mpaka viwiko. Akaniwekea marhamu kidogo kwenye ncha ya kijiti safi, si kidole, akasema, "Paka." Nikapaka. Akasema, "Umezidisha, futa." Nikafuta nikapaka tena. Akanirudisha mara nyingi mpaka nikapaka kwa namna ambayo mtu angedhani sikupaka chochote. "Ndivyo," akasema. Huo ndio utaalamu wenyewe, Savri, kuuzuia mkono. Mimi mkono wangu haukuwahi kuzuiwa katika kumpa mtoto kitu.

Sasa nakujibu swali lako. Vidole vinne vinakunjuka, kwa uvivu, kwenye maji ya uvuguvugu, tunavifanyisha kazi kila siku. Kidole kidogo cha mwisho bado kimekaidi. Daktari hasemi ndiyo wala hapana.

Na sababu ya kukuficha, uiseme wewe au niiseme mimi? Niliogopa utakuja kumchukua. Ungesikia mkono wa kulia, ungekuja siku ile ile, ungeangalia tanuri langu na soksi yangu na kichwa changu cheupe, ungemfunga shali ungeondoka naye. Kwa hiyo kila asubuhi nilipoweza kufungua, nilipaka juu nikasema kesho. Nilikuwa najua. Si mafuta yaliyoniponza, nilikuwa najua na sikutaka kuona.

Shangazi yako,
Gulandom


Dushanbe, 3 Septemba 1999

Shangazi,

Nakusalimu. Leo nakusalimu kweli.

Nilipoisoma barua yako mkono wangu wa kulia uliuma, usinicheke. Wenzangu walinikuta nimeukumbatia. Nimeisoma nikalia, nikaisoma tena nikataka kukuita majina mabaya, nikaisoma tena nikakuona na unga wako mikononi ndani ya lori.

Nataka ujue kwamba nilijaribu kuja. Siku iliyofuata baada ya Shodmon kuondoka niliona siwezi kukaa, nikapanda gari la wauza viazi. Tulifika kwenye mto tukakuta matope yamefunika barabara, malori yamepanga foleni na madereva wanacheza karata. Nililala pale kwenye gari nikitazama mlima upande wa pili. Asubuhi nilimuuliza mzee mmoja kama ninaweza kuvuka kwa miguu, akanitazama viatu, akacheka. Nikarudi. Nilikuwa karibu kiasi cha kuona theluji yenu, na sikuwa na faida yoyote zaidi ya kama ningekuwa Urusi.

Na kwa kuwa tunasema ukweli: mume wangu ameandika. Mwezi wa Aprili, kabla hujaniuliza. Ana mke huko na mtoto. Ameandika kwa upole, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Sikukwambia kwa sababu ningekwambia lingekuwa kweli.

Kwa hiyo shangazi, sina mwingine. Nina Anzurat tu. Nimezungumza na msimamizi wa bweni, amekubali kitanda kimoja tulale wawili, na kuna shule hapo nyuma ya hospitali. Nitakuja Oktoba, kabla mlima haujafungwa na theluji, nimchukue. Sikuadhibu. Najua utasoma kama adhabu. Lakini sitaweza kulala majira yote ya baridi njia ikiwa imefungwa nikijiuliza chini ya soksi kuna nini.

Endelea na maji ya uvuguvugu. Kidole kidogo ukivute kwa upole, ukiimba, ili asikaze.

Savri


Dehbolo, 20 Septemba 1999

Mwanangu Savri,

Salamu kutoka kwangu na kwa Anzurat, na kwa Oyimgul, ambaye jicho lake limepona na sasa anadai alijua tangu mwanzo kuwa ile dawa si ya macho. Aprikoti kavu zimejaa magunia. Baridi imeingia, asubuhi maji ya ndoo yana ngozi ya barafu.

Huyo mwanamume sitamtaja tena katika barua zangu. Nimelia mara moja, nikalipiga zulia fimbo kama ndiye yeye, vumbi likatoka, basi. Ungeniambia Aprili ningepiga zulia mapema.

Shule imefunguliwa. Alikwenda na gauni lake la kahawia na utepe mweupe mkubwa kuliko kichwa, maua kwenye mkono wa kushoto. Mwalimu alimwambia asiandike mpaka apone kabisa. Alirudi amenuna mpaka chini, anasema wenzake wote wamefundishwa kitu anachokijua tangu majira ya baridi yaliyopita, maana herufi nilimfundisha mimi kwa mkaa kwenye ukuta wa zizi, kisha wakamkatalia kalamu. Bendeji tumeiondoa wiki iliyopita. Ngozi mpya ni ya pinki, inang'aa, laini sana, naogopa hata kuibusu. Naiosha, naikausha, napaka ile tyubu ya pili kwa kijiti. Bado haijaisha. Bozorgul alikuja na kijiko chake akitaka fungu la ng'ombe. Nilimwambia, "Hapana." Kijijini hapa sijawahi kumwambia mtu hapana mlangoni kwangu, Savri. Alisimama pale hajui pa kuweka kijiko. Mimi mwenyewe nilishtuka kuliko yeye.

Njoo umchukue. Sisemi kwa uchungu. Nimefua nguo zake zote, nimezitia sindano mahali palipochanika, ziko kwenye mfuko wa maua karibu na mlango. Nimemweleza kwamba huko kuna umeme siku nzima, na wewe, na shule kubwa. Alisikiliza akasema, "Na wewe utakaa na nani?" Nikamwambia nitakaa na ndama. Hakucheka. Umemzaa mtoto mgumu kuchekeshwa.

Njoo mapema lakini. Shodmon anasema mwaka huu theluji itawahi, na madereva wakisema hivyo huwa hawakosei, kwa kuwa ni wao wanaobaki huko juu.

Anataka kukuandikia. Nimemwachia nafasi hapa chini na kumpa kalamu mkono wa kulia, nione mwenyewe. Amenifukuza, anasema ninapumua juu ya karatasi. Nimekaa upande wa pili wa chumba, namwona mgongo tu. Alichoandika sitakisoma, ni chake na cha mama yake. Akimaliza tunafunga bahasha.

Gulandom


MAMA
KIDOLE KIDOGO KINAUMA NIKIANDIKA. VINGINE HAVIUMI.
USIJE KUNICHUKUA. NJOO UKAE.